Utando wa seli: mwongozo kamili wa kuuelewa bila maabara, kwa viazi, beterave na chumvi

Shule nyingi hapa Goma hufundisha biolojia kwa chaki na ubao tu. Matokeo yake mwanafunzi anakariri kwamba utando wa seli "unalinda seli na kuruhusu vitu kupita", anaandika hivyo hivyo kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na anabaki hajui kwa nini kitu hiki kinapita na kile kinazuiwa. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, pamoja na mwalimu mwenzangu anayetaka kulifundisha somo kwa vitu vya sokoni.

Jambo moja nalishikilia. Ukielewa kwamba mafuta na maji havichanganyiki, na kwamba kila protini inayopitisha vitu kwenye utando ina vitu vyake maalumu, unaweza kueleza karibu kila unachoulizwa kuhusu utando. Kwa hiyo usianze na orodha ya kazi zake. Orodha itakuja yenyewe.

Andaa viazi vitatu, beterave moja, chumvi, sabuni ya maji, mafuta ya mawese kidogo, mafuta ya alizeti kidogo, kisu kikali, rula na glasi nane hivi. Chupa za plastiki zilizokatwa nazo zinafaa, mradi zionyeshe rangi ya maji. Viazi na beterave zinazoshuka kutoka Kibumba hazikosekani sokoni Virunga.

Hatua ya 1: chupa mbili za mafuta dirishani

Jioni tia mawese kwenye chupa moja ndogo na mafuta ya alizeti kwenye nyingine, uziache dirishani mpaka alfajiri. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku inatosha: asubuhi utakuta mawese yameganda, yana chembechembe za rangi ya chungwa zilizotuama chini, huku ya alizeti bado yanamiminika bila shida.

Sababu iko kwenye umbo la molekuli. Molekuli ya mafuta ina mikia mitatu mirefu ya kaboni na hidrojeni, yote imeshikwa upande mmoja na gliseroli. Mikia iliyonyooka hulala sambamba, hubanana, na mafuta huganda. Mkia wenye bondi maradufu una kona, na kona hiyo huwazuia majirani wasisogee karibu. Karibu nusu ya mikia ya mawese imenyooka. Ya alizeti, mingi ina kona.

Sasa fanya badiliko moja kwenye karatasi. Chora molekuli hiyo yenye mikia mitatu, kisha futa mkia mmoja na mahali pake uweke kundi la fosfati. Umepata fosfolipidi. Mikia miwili iliyobaki bado inayakimbia maji, lakini fosfati ina chaji ya umeme, na chaji hupatana na maji. Molekuli moja sasa ina tabia mbili zinazopingana: kichwa kinachotaka maji na mikia isiyoyataka.

Ukizitupa molekuli nyingi za namna hii ndani ya maji, zinajipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje pande zote mbili, mikia imefichana katikati. Hakuna anayezipanga na hakuna nishati inayotumika kuzipanga. Hapa ndipo napenda darasa litulie kidogo, kwa sababu msingi wa kila kiumbe hai, kuanzia bakteria wa ziwani hadi mtu, unatokana na tabia hii moja ya mafuta mbele ya maji.

Kuganda kwa mawese kunakueleza jambo jingine pia. Utando lazima ubaki laini ili protini zake zifanye kazi, kwa hiyo seli huchanganya mikia minyofu na yenye kona. Bakteria wengi wakihamia penye baridi huongeza mikia yenye kona. Seli za wanyama zina kolesteroli katikati ya mikia: kwenye joto huizuia isichezecheze kupita kiasi, kwenye baridi huizuia isibanane. Watu wengi wanaijua kolesteroli kwa ubaya wa moyo peke yake, lakini bila hiyo seli zako zisingekuwa na utando imara.

Hatua ya 2: uchore kwa vipimo

Utando una unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi. Kwenye karatasi, hesabu sentimita 1 kuwa nanomita 1, uchore utando wenye unene wa sentimita 8. Kisha liulize darasa: kwa kipimo hicho hicho, seli nyekundu ya damu ingekuwa na upana gani? Kwa kuwa upana wake halisi ni nanomita 7,500 hivi, jibu ni mita 75. Wapeleke uwanjani wapige hatua. Wakirudi, hawasahau tena jinsi utando ulivyo mwembamba.

Ndani ya mchoro weka safu mbili za fosfolipidi, kisha protini za namna mbili: zile zinazopenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, na zile zilizoshikamana na uso mmoja tu. Upande wa nje peke yake, chora minyororo mifupi ya sukari iliyounganishwa na baadhi ya protini na baadhi ya mafuta. Wanafunzi wengi huiweka minyororo hiyo pande zote mbili na kupoteza alama. Pande mbili za utando hazifanani.

Wazo la safu mbili lilipatikana kabla mtu yeyote hajauona utando. Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel, huko Leiden nchini Uholanzi, walitoa mafuta yote kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji hadi yakawa safu ya molekuli moja, wakapima eneo lake. Lilikuwa karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe, wakahitimisha kwamba mafuta yamekaa safu mbili. Baadaye ilijulikana kwamba walikosea mara mbili: hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la seli walilihesabu dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yalifutana, hitimisho likabaki sahihi.

Kwamba protini hazikukaa mahali pamoja lilionyeshwa mwaka 1970 na Frye na Edidin. Waliunganisha seli ya panya na seli ya mtu zikawa seli moja, protini za kila upande zikiwa zimetiwa rangi yake. Katika joto la mwili, dakika 40 baadaye rangi zilikuwa zimechanganyika seli nzima. Kwenye baridi, hazikuchanganyika. Miaka miwili baadaye, 1972, Singer na Nicolson wakaeleza mfano tunaofundisha hadi leo: mafuta yanayotiririka, na protini zilizotapakaa ndani yake.

Hatua ya 3: viazi vibichi na viazi vilivyochemshwa

Kata vipande vinane vya urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Pima kila kimoja kwa rula na uandike. Vinne vichemshe dakika tano tu, visije vikavunjika. Andaa glasi nne: mbili za maji matupu, mbili za maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi. Vibichi viwili kwenye maji matupu, vibichi viwili kwenye chumvi, na vilivyochemshwa vivyo hivyo. Subiri saa tatu, au viache vilale.

Ukivitoa, usikimbilie rula. Anza kwa vidole. Kipande kibichi cha maji matupu ni kigumu, ukijaribu kukipinda kinavunjika kwa mlio, na pengine kimerefuka milimita moja au mbili. Kibichi cha chumvi kimelegea, unaweza kukikunja bila kuvunjika, na kimefupika. Vilivyochemshwa ni laini katika glasi zote mbili, na tofauti baina yao ni ndogo mno.

Kuhusu vibichi: maji hupita kwenye utando kwa urahisi kuliko chumvi, na huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Huo ndio osmosi. Kwenye maji matupu, ndani ya seli ndiko kwenye vitu vingi, maji yakaingia. Kwenye chumvi ni kinyume. Ndiyo maana makayabu, samaki wa chumvi, haiozi upesi: chumvi inawanyang'anya maji hata bakteria ambao wangeila.

Sasa vilivyochemshwa, ambavyo waalimu wengi huviacha, nami naona ndivyo vyenye somo kubwa zaidi. Ukuta wa seli ya kiazi, ule wa selulosi, bado upo baada ya kuchemshwa. Kilichoharibika ni utando. Na mara tu utando ulipoharibika, chumvi haikuleta tofauti tena. Hivyo anayechagua kinachopita ni utando, na kazi ya ukuta ni kuizuia seli isipasuke ikijaa maji. Seli zetu hazina ukuta. Seli nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji matupu hujaa na kupasuka, na ndiyo sababu dripu ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kiasi kinachoilinda seli isivimbe wala isinywee.

Hatua ya 4: beterave, joto na sabuni

Rangi nyekundu ya beterave imefungiwa ndani ya kifuko katikati ya seli. Ili itoke lazima ivuke tando mbili, wa kifuko na wa seli yenyewe, na zikiwa nzima haivuki. Rangi ikionekana kwenye maji, ujue utando umefunguka.

Kata vipande vidogo vya sentimita moja kila upande. Vioshe mara kadhaa hadi maji yatoke safi, kwa sababu kisu kimekata seli nyingi na rangi ya seli hizo itakudanganya. Usiruke kazi hii ya kuosha.

Kipimajoto hakihitajiki. Katika urefu wa Goma, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ukiyachukulia maji ya ndoo kuwa nyuzi 20, glasi moja ya maji yanayochemka na tatu za baridi hukupa nyuzi 39 hivi, nusu kwa nusu nyuzi 57, tatu za moto na moja ya baridi nyuzi 76. Glasi itapoza kidogo, lakini haibadilishi matokeo. Tia vipande vitatu katika kila joto, vitatu kwenye maji baridi, na vitatu kwenye maji baridi yenye kijiko cha sabuni ya maji. Subiri dakika 20, kisha panga glasi mbele ya karatasi nyeupe.

Baridi na nyuzi 39 hutofautiana kidogo sana. Kwenye 57 rangi inaonekana wazi, kwenye 76 maji yamekuwa mekundu kabisa. Mafuta yamelegea, na protini zimepoteza umbo lake. Ile ya sabuni nayo itakuwa imeanza kutoa rangi ingawa maji ni ya baridi. Ikiwa bado hafifu, iache saa moja zaidi.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo hujipenyeza kati ya fosfolipidi na kuzitawanya. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ilipofika hapa Goma mwezi wa 7 mwaka 2019, kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawia. Kirusi cha Ebola kimevikwa utando wa mafuta ambao huuchukua kwenye seli ya mtu kinapotoka. Utando ukivunjwa, kirusi hakiwezi tena kuingia kwenye seli nyingine. Wanafunzi wetu waliishi jambo hilo. Wanastahili kujua sababu yake.

Hatua ya 5: nani anapita, na kwa njia ipi

Hapa chora mstari wa utando na uvipitishe vitu kimoja kimoja. Oksijeni na kaboni dayoksaidi ni vidogo na havina chaji, vinavuka katikati ya mafuta bila msaada. Pombe pia. Glukosi ni kubwa na inapenda maji, haivuki. Ayoni, yaani atomu zenye chaji, kama za sodiamu, potasiamu na kloridi, ni ndogo mno lakini kwa sababu ya chaji hiyo hazivuki, na mafuta hayazipokei kabisa. Ukubwa peke yake hauamui, hilo lisisitize.

Maji yenyewe huvuka mafuta polepole. Upesi wake hutokana na protini iitwayo akwaporini, iliyogunduliwa na Peter Agre na wenzake mwaka 1992, kazi iliyompa Nobeli ya kemia mwaka 2003. Njia moja hupitisha molekuli bilioni kadhaa za maji kwa sekunde na kuzuia ayoni.

Njia hizi hupeleka kitu kutoka penye kingi kwenda penye kichache, bila gharama. Kwenda kinyume kunagharimu nishati. Pampu ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza Jens Skou mwaka 1957, hutumia molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli, kutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2. Inafanya kazi hata ukiwa umelala. Kwa sababu yake, nje ya seli kuna sodiamu nyingi kuliko ndani, zaidi ya mara kumi. Shika tofauti hiyo, tutaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 6: kipindupindu, hatua ya kukaa nayo muda mrefu

Goma inakijua kipindupindu. Mwezi wa 7 mwaka 1994, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikufa pembezoni mwa mji huu, na hadi leo familia nyingi huchota maji ziwani, Kituku na kwingineko, kwa bidoni. Ningependa kila mwanafunzi wa hapa aweze kueleza ugonjwa huu kwa mchoro wa utando.

Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli za utumbo. Hutoa sumu. Sumu hiyo hushika sukari fulani iliyo juu ya mafuta ya utando, upande wa nje, ile minyororo uliyoichora kwenye hatua ya 2. Sehemu yake huingia ndani na kuiamuru seli ifungue njia za kloridi zisifunge tena. Kloridi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanafuata kwa osmosi. Mgonjwa mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Ukimpa maji matupu, hayanyonyeki ya kutosha. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, vivyo hivyo. Lakini kuna protini moja ambayo sumu haikuigusa: ile inayoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja. Haikubali kupitisha glukosi bila sodiamu, sodiamu mbili kwa kila glukosi moja, na nguvu yake inatoka kwenye tofauti ya sodiamu iliyotengenezwa na ile pampu. Robert Crane ndiye aliyelipendekeza wazo hilo, Prague, mwaka 1960. Sukari ikija na chumvi, zote mbili zinaingia na maji yanazifuata.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi wanywe. Vifo vikashuka hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti ya ORS ya leo, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ikiyeyushwa kwenye lita moja, ina milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi. Pakiti ndiyo bora. Ikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Sukari ya mezani huvunjwa utumboni na kutoa glukosi, kwa hiyo inafanya kazi. Usizidishe chumvi, ni hatari, hasa kwa mtoto. Usizidishe sukari pia: utumbo ukijaa vitu vilivyoyeyuka kuliko damu, osmosi hugeuka na maji hutoka mwilini badala ya kuingia. Kwa sababu hiyo hiyo soda haifai kuwa dawa ya kuhara. Na mgonjwa aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia au asiyeweza kunywa, mkimbizeni kituo cha afya, huku mkiendelea kumpa kidogo kidogo njiani ikiwa anameza.

Hatua ya 7: alama za juu ya seli

Hii pitia haraka. Makundi ya damu A, B, AB na O ni tofauti za minyororo ya sukari juu ya seli nyekundu. Homoni kama insulini haingii ndani. Hushika protini ya utando, nayo hupeleka habari ndani. Na mfano wa kwetu: vimelea vya malaria vya vivax hutegemea protini ya Duffy kuingia kwenye seli nyekundu. Watu wengi wa Afrika ya Kati na Magharibi hawana protini hiyo juu ya seli zao nyekundu, kwa hiyo vivax hapa ni nadra. Falciparum hutumia protini nyingine, na ndiyo inayotusumbua.

Jipime kabla ya mtihani

Jibu haya kwa kuandika, bila kutazama juu. Kwa nini ayoni ya sodiamu, ndogo kuliko glukosi, nayo haivuki mafuta? Pampu ya sodiamu ikisimama, kwa nini ORS nayo itashindwa? Kwa nini sumu ya kipindupindu isiyoingia kwenye damu bado inaweza kuua? Ukikwama kwenye la pili, rudi kwenye mchoro na uandike idadi ya sodiamu ndani na nje: bila tofauti hiyo, sodiamu haina sababu ya kuingia, na glukosi haina wa kuingia naye.